Bakuli la Stanmore

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote ninayemjua. Jina hilo alipewa na Wakongo wa Barking, Watanzania wa Stratford wakalidaka, na mwishowe hata mlinzi wa maktaba, Msomali asiyejua Kiswahili zaidi ya salamu na maneno machache, akawa anamwita hivyo hivyo. "Shangazi, nafunga," angesema, saa imefika. Naye angemjibu bila kuinua macho, "Wewe funga tu, sisi tumo ndani." Mlinzi yule, mtu mzima mwenye redio begani, angesimama mlangoni akimngoja amalize aya.

Kila Jumamosi mchana, katika chumba cha juu cha maktaba ile ya Stratford, Shangazi aliongoza kikundi cha watu wanaoandika hadithi fupi kwa Kiswahili. Hatukuwa wengi, na idadi ilitegemea nani yuko kazini. Mimi ni wa Morogoro, nahudumia wazee majumbani mwao. Mama Furaha ni Mkongo wa Uvira, anasafisha ofisi siku za kazi na kuimba kwaya Jumapili. Wanafunzi walikuja na kupotea. Shangazi hakukosa. Alifika kabla yetu sote, na kofia yake ya sufu ya kijani ambayo hakuivua hata Julai, akapanga viti, akatoa birika la chai mkobani na kutumiminia nusu kikombe kila mmoja. Ukitaka kikombe kizima, andika hadithi nzima, ndivyo alivyotuambia.

Alikuwa fundi cherehani tangu Mwanza, na alikosoa hadithi kama anayekagua mshono. Alivuta sentensi moja, akatazama kama nyingine zitafumuka. Mara nyingi zilifumuka.

Siku yangu ya kwanza nilisoma hadithi ya wanawake wawili wanaopendana, wanaoishi chumba kimoja Ilford. Nilikuwa sijawahi kuyatamka maneno yale mbele ya watu wanaosema lugha ya mama yangu. Mwishoni mmoja wao aligongwa na basi akafa. Nilikunja karatasi zangu nikijiona nimeandika jambo zito sana.

Shangazi alivua miwani.

"Huyu binti amekukosea nini?"

"Binti yupi, Shangazi?"

"Huyu uliyemsukuma chini ya basi. Alikuwa ametoka kununua vitunguu. Amekukosea nini?"

Nikasema kwamba maisha ndivyo yalivyo.

"Maisha ya nani? Wewe unaishi na nani?"

Moto ulinipanda usoni. Naishi na Achieng, muuguzi kutoka Kisumu. Mama yangu kule Morogoro anamsalimia kwenye simu kila wiki, na anamjua kama mwenzangu wa kuchangia nyumba. Shangazi hakungoja jibu. Labda alikwisha kulisoma usoni.

"Rudi nyumbani ukamfufue," alisema. "Akapike hivyo vitunguu. Kwangu hafi mtu."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kikundi. Wenye nyumba wakorofi waliruhusiwa kufa, na wachungaji, na waume za watu. Lakini wapendanao wa namna yetu hawakuruhusiwa kufa mwishoni, wala kuwa vichaa, wala kutubu ghafla, wala kupandishwa ndege kurudishwa kwao. Alisema tangu ujana wake amekuwa akijitafuta ndani ya hadithi, na kila alipokutana na mtu anayefanana naye, mtu huyo alikuwa kichekesho au maiti. "Nimechoka kuhudhuria mazishi yangu," alisema, kisha akauliza nani anafuata kusoma.

Mama Furaha alipinga mwanzoni. Alisimama na mkoba wake mkononi, tayari kuondoka.

"Shangazi, mi niko mutu ya kanisa. Hii maneno ya banamuke wawili, pasta akisikia atanitosha kwa kwaya, atanifukuza."

"Pasta wako huja maktaba?"

"Hapana."

"Basi kaa chini, unakunja zulia."

Akakaa. Baada ya wiki kadhaa, niliposoma hadithi ile ile na mtu wangu amefufuka na vitunguu vyake, ni Mama Furaha aliyeinua mkono wa kwanza. "Iko muzuri," alisema, "lakini bale banamuke wawili, banalala wapi? Haukuandika kitanda. Haukuandika hata matela. Utaacha batu balale chini na hii baridi?" Shangazi alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Nilikwenda nyumbani nikaandika kitanda, na godoro zuri juu yake.

Alikuwa na neno jingine alilotuchosha nalo: andika basi zima. Alichukia hadithi ya London yenye Waswahili watatu tu na mvua. Alitutuma tupande basi la Ilford, tukae ghorofa yake ya juu, tutazame. Alitaka yule mama wa Kikongo anayesinzia akitoka zamu, na bibi wa Kihindi mwenye troli ya mboga, na kijana wa Kizanzibari anayebishana na mama yake kwenye simu, mama kwa Kiswahili, kijana kwa Kiingereza. "Na wale wawili," aliongeza siku moja akinitazama, "waliotoka nyumba moja wakakaa viti mbalimbali." Sikumwambia kwamba mimi na Achieng hukaa hivyo kila tunapokuwa kwenye basi la Barking, kwa kuwa huwezi kujua nani anamjua nani.

Usidhani alikuwa mtu wa mfano. Alisengenya. Aligombana na wauza samaki wa soko la Barking mpaka wakapunguza bei ili aondoke. Kusifu hakujua, na "si mbaya" yake tuliigombania. Alikwenda kanisani kila Jumapili, akakaa benchi la mwisho, kando ya mlango. Nilimuuliza kwa nini asisogee mbele.

"Wakianza kunitaja nitoke bila kusumbua watu."

"Na usipotaka kutoka?"

"Nitaimba." Sauti yake ilikuwa mbaya kupita kiasi, kwa hiyo nililichukua jibu hilo kama tishio.

Lakini jambo lililotushinda kwake ni hadithi zake mwenyewe. Yeye aliyetulazimisha tuandike kitanda, hakuandika kitanda. Hadithi zake zote zilikuwa za marafiki wawili. Marafiki hao walikaa kwenye benchi la stesheni, wakaongea habari za mapishi, treni ikaja, mmoja akapanda, hadithi ikaisha. Zilikuwa nzuri mno, na zilituacha na njaa. Mama Furaha alimuuliza, "Hawa batu yako, Shangazi, banaendaka wapi?"

"Hawajafika," alisema, akakunja karatasi.

Habari za benchi lile nilizipata mwenyewe, siku tulipokutana sokoni Barking mbele ya duka linalouza dagaa wa Mwanza. Alikuwa anawachagua mmoja mmoja, kazi ambayo muuza duka alikuwa ameikatia tamaa. Nilimsaidia kubeba, tukaenda kwake, na alipokuwa akiwaosha alianza kusema, mgongo kwangu, bomba likiwa wazi.

Huko Mwanza alishonea nguo kwenye baraza ya duka la vitambaa la Wahindi. Binti wa duka alimletea kachori ndani ya bakuli la enameli lenye mfuniko na maua mekundu. Kwetu bakuli la watu halirudishwi tupu, ni aibu. Shangazi alikwenda nyumbani, akatia kitu kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo, dagaa wa kukaanga kwa nyanya, akalirudisha. Hakujua kwamba katika nyumba ile hakuliwi samaki. Hakuliwi nyama, hakuliwi hata yai.

"Akanifuata jioni nyuma ya stoo," alisema. "Nikajua nimefukuzwa kazi. Kumbe amewala wote, na vichwa. Midomo inang'aa mafuta. Akaniambia, fundi, kesho tena." Alifunga bomba. "Nami nikampenda. Nilimpenda pale pale, na sijaacha."

Binti akaolewa, kama mabinti wa wakati ule walivyoozwa. Familia ikahamia London, wakajenga maisha Stanmore, kwenye nyumba za utulivu zenye bustani. Shangazi alikuja baadaye kwa njia zake, akapata chumba Stratford. Ukiitazama ramani ya treni utaona laini ya Jubilee inaanzia Stratford na kuishia Stanmore. Wanawake hawa wawili walikuwa wanaishi kwenye ncha mbili za laini moja. Walikutana katikati, Baker Street, kwenye benchi la jukwaani, kila Alhamisi. Aliyekuwa na bakuli alilileta limejaa, mwenzake akalichukua. Alhamisi nyingine likarudi na chapati nyembamba za majani ya uwatu, au chevda, ule mchanganyiko mkavu wa dengu na karanga, au kachori zile zile. Na kwa sababu halirudi tupu, kila mara palikuwa na sababu ya kukutana tena.

Nilimtazama akipakia. Dagaa chini, jani la kabichi katikati, maharage ya nazi juu.

"Maharage ya nini?"

"Ya mtu atakayefunua jikoni kwao. Mwanawe, mkwewe. Aone maharage ya rafiki wa mama, afunike."

"Hawakujui?"

"Wananijua. Mimi ni maharage." Alibana mfuniko kwa kitambaa, akafunga fundo. Kisha akasema jambo ambalo nimekaa nalo tangu siku ile. "Sitaki makubwa. Nataka siku moja nikae mezani kwake nile, na mtu akiuliza, huyu nani, ajibiwe."

Majira ya baridi yaliyofuata, yule wa Stanmore alianguka bafuni akavunja nyonga. Baker Street ikawa haifikiki. Alimtuma mjukuu wake, msichana anayefanya kazi ofisini hapa Stratford, mpole, mwenye vipokea sauti masikioni, naye akaja maktaba akauliza kwa Kiingereza kama hapa ndipo anapopatikana rafiki ya Ba, yaani bibi yake. Shangazi alimkabidhi bakuli kwa mikono miwili. Wiki nzima alikuwa na furaha ya kuudhi. Alitumiminia vikombe vizima.

Jumamosi iliyofuata bakuli likarudi. Msichana alilileta kwenye mfuko safi, akasema asante, akaondoka mbio kuwahi treni. Shangazi alilipima mkononi kabla ya kulifunua, nami nikaona sura yake inabadilika. Lilikuwa tupu. Limeoshwa, limekaushwa, linanukia sabuni.

Aliliweka chini ya meza, akavaa miwani, akasema tuendelee. Mwanafunzi mmoja alisoma hadithi ya kijana anayempenda kijana mwenzake, na mwishoni akajitupa mtoni. Sote tuligeuka kumtazama Shangazi.

"Si mbaya," alisema. "Nani anafuata?"

Mama Furaha aliinuka, kiti kikaanguka. "Shangazi! Amekufa! Ule kijana amekufa, na weye unasema si mubaya?"

"Watu hufa, Mama Furaha."

"Kwako hapana! Kwako hafi mutu! Weye ulisema!"

Shangazi aliinama kuchukua mkoba wake, akashindwa kuufunga zipu. Nilimfungia. Alipokuwa akishuka ngazi aliniambia kwa sauti ndogo, "Amelirudisha tupu. Ameniambia basi. Ana haki, amechoka, ni mgonjwa. Lakini angenitilia hata chumvi." Alilia akiwa amesimama pale kwenye ngazi, na yule mlinzi Msomali akageukia ukuta ili asimtazame.

Jumatatu nilimtafuta yule msichana mlangoni mwa ofisi yao saa za kutoka. Nilimuuliza kwa Kiswahili, akanielewa, akanijibu kwa Kiingereza kama watoto wa huku wanavyofanya. Alisema samahani sana, alifungua akitaka kumpashia bibi yake chakula, akakuta chini kuna samaki, tena samaki wenye macho. Ba hali samaki, hajawahi kula samaki maishani mwake. Akadhani rafiki amekosea. Hakutaka kumwaibisha mtu, akamwaga yote kimyakimya, akaosha bakuli vizuri na kulirudisha. Bibi yake hakuliona. Bibi yake anauliza kila siku kama bakuli limekuja.

"Anauliza kila siku?" nilisema.

"Every day," alijibu. "Nini, nimefanya kitu kibaya?" Hayo ya mwisho aliyasema kwa Kiswahili, cha kujikwaa.

Nilimweleza kwamba kwetu chombo cha watu hakirudi tupu. Alifunika mdomo kwa kiganja. Sikumweleza zaidi; hayo hayakuwa yangu ya kusema. Nilimwomba tu anwani ya Ba.

Nilipomfikishia Shangazi habari aliniuliza kama nina zamu Alhamisi. Sikuwa nayo. Alhamisi nilimkuta jikoni amevaa gauni alilojishonea mwenyewe, la bluu, kola nyeupe. Dagaa walikuwa tayari. Alijaza bakuli mpaka juu, akafunika.

"Na maharage?"

"Leo hakuna maharage."

Tulipanda Stratford, tukapata viti. Harufu ilijaa behewa zima, na bwana mmoja mwenye suti akahamia mbali. Treni ilipofika Baker Street Shangazi alishika magoti yake kwa nguvu, kama mtu anayezuia miguu isishuke kwa mazoea. Milango ikafunga, tukaendelea. Alikuwa hajawahi kuona stesheni za mbele ya pale zaidi ya kwenye ramani. Alizisoma kwa sauti moja moja mpaka tukatoka nje kwenye mwanga, kwenye miti na paa nyekundu.

Mlango alifungua mwanawe, mtu wa makamo mwenye Kiswahili safi cha Mwanza kilichokaa bila kutumika. "Karibuni, mama zangu. Rafiki ya mama? Karibuni sana." Mkewe alitusalimia kwa mikono iliyokutanishwa. Msichana wetu alisimama kando ya ngazi, akaniangalia kwa wasiwasi. Na kando ya dirisha, kwenye kiti kirefu, na chuma cha kutembelea mbele yake, alikuwepo mwanamke mdogo wa umbo, sari ya kijivu, nywele nyeupe kabisa.

"Fundi," alisema. "Umechelewa."

"Nilikosea njia," alisema Shangazi. Sikuwahi kumsikia akiwa na sauti ile, nyororo namna ile.

Alimwekea bakuli mezani akafunua. Nyumba yote ikanukia samaki. Mwana alipiga hatua mbele. "Mama, hii ni samaki!"

"Ni dagaa," alisema mama yake. "Nawala tangu Mwanza." Akatia mkono, akachukua mmoja, akamla na kichwa chake. Kisha wa pili. Mafuta yalimkaa mdomoni. Msichana ndiye aliyeuliza, kwa Kiingereza, taratibu, Ba, huyu ni nani?

Bibi yule alikuwa na lugha tatu za kumjibu. Alichagua Kiswahili, ambacho nyumba nzima ilikielewa na ambacho Shangazi angekisikia bila kutafsiriwa.

"Huyu ni Fundi. Ndiye mtu niliyempenda. Mpe sahani."

Mwanawe alitoka kwenda bustanini, na hakurudi mpaka tulipokuwa tunavaa makoti. Mkwe alibaki amesimama. Halafu akaenda jikoni, tukasikia kabati likifunguliwa, akarudi na sahani moja, akaiweka mezani mbele ya Shangazi bila kumtazama usoni. Shangazi alikaa. Alikula, akalishwa na mwenzake tonge moja kwa mkono, na hakuona haya. Mimi nilitazama nje, bustanini, ambako mtu mzima alikuwa anachuma majani makavu kwenye waridi lililokwisha kukatwa.

Kwenye treni ya kurudi nilishtuka. "Shangazi! Bakuli!"

"Liko kwake."

"Umelisahau?"

"Nimeliacha na dagaa ndani. Sasa zamu ni yake." Alirekebisha kofia. "Madaktari wanamwambia mambo mengi, na mengi si mazuri. Lakini yule ana adabu zake, namjua. Hawezi kuondoka duniani na bakuli la watu kabatini." Aligeukia dirisha. "Nilitaka kubaki, unajua. Hata kwenye kochi. Hata sakafuni. Mama Furaha asisikie."

Nimemkuta tena juzi, jukwaani Stratford, pale treni zinapoishia. Nilikuwa na Achieng, tunatoka dukani, kila mmoja na mfuko wake na hatua tatu katikati yetu, kama kawaida. Shangazi alikuwa kwenye benchi, kofia ya kijani, mkoba umewekwa kwenye nafasi ya pembeni yake. Kando yake walikaa mabwana wawili wa Kitanzania wakibishana mpira.

"Shikamoo, Shangazi. Halijarudi?"

"Marahaba. Bado." Akamtazama Achieng juu mpaka chini, kisha akaniuliza kwa sauti ile ile anayowaitia wauza samaki, "Huyu nani?"

Mabwana wale waligeuka kutusikiliza. Mdomo wangu ulikwisha kujiandaa kusema jibu la siku zote, lile la kuchangia nyumba. Nilimwangalia Shangazi, akanikazia macho, akingoja.

"Huyu ni Achieng," nilisema. "Naishi naye. Nampenda."

"Si mbaya," alisema Shangazi. Akapakata mkoba wake ili tupate nafasi, tukakaa watatu, tukitazama upande zinakotokea treni za Stanmore.